Kuchagua Kibodi ya Kusindikiza, ya Nyumbani au ya Jukwaani

Kwaya ya watu ishirini na watano imechanga kwa mwaka mzima. Katibu na mweka hazina wanaingia dukani wakiwa na bahasha ya fedha na maagizo ya kurudi na kibodi. Muuzaji anawasha moja iliyo mezani, anabonyeza kitufe cha onyesho, na bendi nzima inalia: ngoma, besi, gitaa, tarumbeta. Wajumbe wanatazamana, wanatabasamu, wanalipa. Jumapili ya kwanza wanagundua kwamba sauti haivuki safu ya tatu ya viti, kwamba tundu pekee la kutolea sauti ni lile la visikilizio vya masikioni, na kwamba mdundo unaendelea kukimbia wakati waumini wametua kuvuta pumzi mwishoni mwa ubeti. Kibodi hiyo si mbovu wala si bandia. Imetengenezwa kwa kazi nyingine, na hakuna aliyeuliza swali hilo kabla bahasha haijafunguliwa.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila kasoro iliyomo hutokea kweli, na fedha zinazopotea kwa njia hiyo ni za watu wengi waliotoa kidogo kidogo. Tumeandika somo hili kwa ajili ya wajumbe kama hao, kwa wapigaji wa sherehe na taarabu, na kwa mzazi anayetaka chombo cha sebuleni. Hatutakuambia ununue kampuni gani. Aina tunazozitaja humu ni mifano tu, ili maneno yetu yasielee hewani.

Chombo chenyewe

Kibodi zinafanana kwa sura, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Kuna piano ya umeme, ambayo kazi yake ni kuwa piano: vibao 88, vizito kidoleni kama vya piano yenyewe. Kuna sinthesaiza, chombo cha mtu anayetaka kuunda sauti mwenyewe. Na kuna kibodi ya kusindikiza, ambayo ndiyo mada yetu. Hii ya tatu hubeba bendi ndani yake. Mpigaji anashika kordi kwa mkono wa kushoto, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, na chombo kinaitambua kordi hiyo na kuamuru ngoma, besi na magitaa yaifuate. Mkono wa kulia unabaki huru kupiga wimbo wenyewe.

Kila mpangilio wa bendi hiyo huitwa mtindo. Mtindo mzuri haupigi mdundo mmoja usiobadilika. Una utangulizi, una hatua mbili, tatu au nne zinazozidi kukolea, una mipito mifupi ya ngoma ya kuunganisha hatua hizo, na una mwisho. Mpigaji hodari huzitumia sehemu hizo kama kiongozi wa bendi anavyowapa wenzake ishara kwa macho.

Kwa hiyo anayenunua kibodi ya kusindikiza anaajiri wapigaji. Je, wanaujua muziki wako? Wanaweza kukungoja unapotua? Watasikika mahali utakapowapeleka? Mambo mengine yote ni madogo mbele ya hayo.

Hesabu za kwenye boksi

Boksi hujivunia hesabu. Yamaha PSR-E373, kibodi ya ngazi ya kuanzia, ina sauti 622 na mitindo 205. Casio CT-X700 ina sauti 600 na midundo 195. Ukipanda hadi Yamaha PSR-SX700, chombo cha ngazi ya juu zaidi na cha bei kubwa zaidi, mitindo inakuwa 400. Anayelinganisha hesabu hizo peke yake ataona kwamba cha bei kubwa kimezidi mara mbili tu kwa mitindo, na atajiuliza fedha nyingine imekwenda wapi. Imekwenda kwenye ubora wa kila sauti, kwenye vitufe vya kuamuru bendi, kwenye matundu ya nyuma, na kwenye uwezo wa kuongeza vitu vipya. Hayo hayahesabiki kwa urahisi, na ndiyo maana hayaandikwi kwa herufi kubwa.

Sauti mia sita ni nyingi kuliko mahitaji ya mpigaji yeyote tunayeweza kumfikiria. Kanisani zitatumika kumi: piano, ogani mbili tatu, zeze za pamoja, filimbi, labda tarumbeta. Afadhali kumi zinazopendeza kuliko mia sita ambazo tisini kati yake ni magitaa yanayofanana.

Ipo hesabu moja inayostahili kuangaliwa, nayo ni idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. PSR-E373 inaruhusu 48. Nyingine za bei ya kati huruhusu 64. Za jukwaani huanzia 128. Usidhani 48 ni nyingi kwa kuwa vidole ni kumi tu. Bendi ya ndani nayo inakula humo humo, na ukikanyaga pedali ya kurefusha sauti, zile ulizokwisha kuziachia bado zinahesabiwa. Hesabu ikijaa, chombo kinakata sauti za zamani ili kitoe mpya, na wewe unasikia wimbo unakatika bila kujua kwa nini. Nyumbani jambo hili halisumbui sana. Jukwaani linasumbua.

Vibao 61, yaani oktavu tano, vinatosha kwa kazi nyingi za kusindikiza. Vibao vidogo vya kuchezea watoto viepukwe kabisa: mtoto anayejifunza juu yake atalazimika kuufundisha mkono upya. Hakikisha pia kwamba kibodi inahisi nguvu ya kidole, ukibonyeza polepole ilie polepole, ukikaza ilie kwa nguvu. Baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hazina uwezo huu, na mwanafunzi hawezi kujifunza kuimbisha wimbo juu ya chombo kisichomsikiliza.

Mkono wa kushoto, na bendi isiyojua kungoja

Tunashauri robo saa nzima ya majaribio yako dukani itumike kwenye mkono wa kushoto. Usikubali kubaki na kitufe cha onyesho. Wimbo ule umepangwa na wataalamu wa kiwanda ili uvutie, wala hauonyeshi kibodi itakavyokuwa mikononi mwako. Uzime, kaa wewe, au mkae na mpigaji wenu; na kama mpigaji wenu hakuweza kufika siku hiyo, basi siku hiyo msinunue.

Kwanza, chunguza jinsi kibodi inavyosoma kordi. Zote huweza kusoma kordi iliyoshikwa kwa ukamilifu, na nyingi zina pia njia ya mkato kwa wanaoanza. Njia hizo za mkato hazifanani. Kwa Yamaha, kibao kimoja hutoa kordi kubwa, na ukikiongezea kibao cheusi kilicho kushoto kwake unapata kordi ndogo. Kwa Casio, kibao kimoja ni kordi kubwa, na kordi ndogo hupatikana kwa kuongeza kibao kingine chochote upande wa kulia. Mpigaji aliyezoea njia ya mkato ya kampuni moja kwa miaka mitano atajikuta mgeni mbele ya nyingine. Aliyejifunza kushika kordi kamili hana shida hiyo. Anahama na ujuzi wake popote.

Pili, jaribu kutua. Hili tunalisisitiza kwa wanunuzi wa kanisani, kwa sababu nyimbo za ibada hazikuandikwa kwa ajili ya mashine. Waumini huvuta mwisho wa mstari, huvuta pumzi, na mzee mmoja wa safu ya mbele huchelewa kila mara na wote humngoja. Mpigaji wa ogani ya kale alingoja pamoja nao. Mdundo wa mashine haungoji. Tafuta kitufe chenye maandishi SYNC STOP: kikiwashwa, bendi hunyamaza mara unapoinua mkono wa kushoto, na huanza tena unapoushusha. Tafuta pia namna ya kubadili mwendo wa mdundo kwa kugonga kitufe mara kadhaa, ili bendi ifuate mwendo wa waimbaji badala ya waimbaji kuifuata bendi. Chombo kisicho na hayo kinaweza kupendeza sana sebuleni na kuharibu ibada nzima.

Tatu, kama kwaya yenu inasoma do-re-mi na kiongozi hutangaza do iko wapi kabla ya kuanza, jaribu kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kinampa nafasi mpigaji anayejua vidole vya ufunguo mmoja au miwili kusindikiza wimbo uliopandishwa au kushushwa. Wapo walimu wa muziki wanaokichukia kitufe hiki, wakisema kinalea uvivu. Sisi tunaona ni msaada halali kwa mpigaji wa kujitolea, mradi kiwe mahali panapofikika haraka na skrini ionyeshe wazi kimewekwa kwenye namba ngapi. Ufunguo uliosahaulika kutoka wimbo uliopita huaibisha kuliko kosa la kidole.

Midundo ya kwetu

Mitindo mingi inayokuja na kibodi imetungwa kwa ajili ya masoko mengine. Utakuta disko, utakuta walsi, utakuta midundo ya Brazili na Kuba. Rumba imo karibu daima, ila ni rumba ya ukumbi wa dansi, si ile inayofika katikati ikageuka sebene. Chakacha, yenye mwendo wake wa sita kwa nane, ni nadra kuikuta kwa jina lake.

Kwa sababu hiyo mpigaji wa sherehe asiulize kibodi ina mitindo mingapi. Aulize kama inaruhusu kuingiza mitindo mipya kwa flashi, na kama inaruhusu kurekodi mtindo wake mwenyewe, ngoma kwa ngoma na besi kwa besi. Baadhi ya kibodi huruhusu yote mawili, nyingine moja tu, nyingine hakuna. Na ajue kwamba faili la mtindo la kampuni moja kwa kawaida halisomeki moja kwa moja kwenye chombo cha kampuni nyingine. Ukiwa na rafiki anayepiga muziki kama wako na mwenye hazina ya mitindo aliyoikusanya kwa miaka, kununua chombo cha ukoo ule ule na chake kunaweza kuwa na faida kuliko sifa yoyote ya kwenye boksi. Jambo hili halimo katika vitabu vya maelezo, lakini wapigaji wote wanalijua.

Taarabu inadai kitu cha ziada. Nyimbo zilizojengwa juu ya maqam za Kiarabu zina sauti zinazokaa katikati ya kibao cheupe na cheusi, yaani robo toni. Katika maqam ya Rast inayoanzia do, sauti za mi na si hushushwa robo toni. Fidla na udi huzipata kwa kidole tu, kwa kuwa shingo zake hazina vizuizi. Kibodi ya kawaida haiwezi, na mpigaji hulazimika kuchagua kati ya sauti mbili ambazo zote si sahihi. Sikio la Unguja au Mombasa hulitambua kosa hilo hata kama mwenye sikio hajui jina la maqam. Zipo kibodi zilizotengenezwa zikiufikiria muziki huo, kama Yamaha PSR-A5000, na mfululizo wa Korg Pa huruhusu kushusha vibao unavyovichagua. Lakini usilipe kwa sababu muuzaji amesema uwezo huo upo. Mwombe aushushe mi robo toni mbele yako, kisha auondoe mshusho huo, na upime imemchukua muda gani. Ikiwa imemlazimu kupita kurasa nne za skrini, hautaweza kufanya hivyo katikati ya wimbo.

Kwa ajili ya nyumbani

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Spika za ndani zinatosha. PSR-E373, kwa mfano, ina spika za wati 2.5 kila upande, kiasi cha kujaza sebule bila kumuudhi jirani. Tundu la visikilizio ni la lazima kwa wanaoishi nyumba za kupanga. Kibodi za ngazi hii nyingi hukubali pia betri, jambo la faida umeme ukikatika, ila uliza ni betri za aina gani na ngapi. Sita nyembamba za rimoti na sita nene za tochi kubwa ni gharama mbili tofauti.

Mzazi atujibu swali moja: mtoto anataka kujifunza nini? Kama ameanza masomo ya piano na mwalimu anamwandalia mitihani, kibodi ya kusindikiza si chombo chake. Vibao vyake vyepesi havitamjengea vidole, na vibao 61 vitamwishia njiani. Fedha hiyo iwekwe akiba kwa ajili ya piano ya umeme yenye vibao 88 vizito, hata kama ni ya kawaida kabisa na haina mtindo hata mmoja. Lakini kama mtoto anapenda kuimba na kupiga nyimbo anazozisikia, kibodi ya kusindikiza itamweka kwenye kiti kwa saa nyingi kuliko piano, na saa hizo ndizo zinazomfundisha.

Kwa ajili ya jukwaa na kanisa

Geuza kibodi uangalie mgongo wake kabla ya kuangalia uso. Unatafuta matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, yaliyo mbali na lile la visikilizio. Kibodi yenye tundu la visikilizio peke yake inaweza kuunganishwa na miksa, lakini kwa matatizo. Mara nyingi ukichomeka waya humo, spika za ndani hunyamaza, na mpigaji hajisikii tena. Pia tundu hilo hutoa pande mbili za sauti kupitia jeki moja, na fundi asiyejua akitumia waya wenye jeki ya aina ile ile pande zote mbili na kuuchomeka kwenye njia moja ya miksa, pande hizo hukatana. Sauti hutoka nyembamba na yenye shimo katikati. Piano husikika kama iko ndani ya pipa. Wengi husema kibodi imeharibika. Dawa ni waya unaogawanyika: jeki moja ya stirio upande wa kibodi, na jeki mbili za kawaida upande wa miksa, kila moja kwenye njia yake.

Kama umbali kutoka kibodi hadi miksa ni mkubwa, waya mrefu wa kawaida utaokota mvumo wa umeme. Kisanduku kidogo kiitwacho DI, kimoja kwa kila upande, huwekwa karibu na kibodi na kuondoa sehemu kubwa ya mvumo huo. Kiwekwe kwenye bajeti mapema, pamoja na stendi imara, begi lenye sponji, na pedali. Tumewahi kuona bajeti za vikundi zilizomalizika kwenye kibodi yenyewe, na chombo kikawekwa juu ya meza ya shule inayoyumba.

Usidhani vilevile kwamba kila kibodi ya gharama ina spika. Yamaha Genos, mojawapo ya kibodi za kusindikiza za daraja la juu kabisa, haina spika ndani. Imetengenezwa kwa mtu mwenye mfumo wake wa sauti. Anayeipeleka kanisa la kijijini lisilo na amplifaya atakuwa amenunua fanicha.

Kitu kingine cha jukwaani ni kumbukumbu ya mpangilio. Kwa kitufe kimoja kibodi inarudi kwenye mtindo, mwendo, ufunguo na sauti ulizoziandaa kwa wimbo fulani. Harusi ina nyimbo thelathini na haina subira. Hesabu vitufe hivyo, na ujaribu kama vinahifadhiwa kwenye flashi ili mpangilio wako usipotee chombo kikiharibika.

Umeme

Tunalitenga jambo hili kwa sababu ndilo linaloua kibodi nzima ndani ya dakika moja. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na Marekani ni 120. Vyombo vilivyotumika huko huletwa hapa na kuuzwa, mara nyingi vikiwa katika hali nzuri kabisa, pamoja na adapta zake za asili. Adapta iliyoandikwa INPUT 100V ikichomekwa kwenye ukuta wa hapa itaungua, na huenda ikaondoka na kibodi. Iliyoandikwa 100-240V haina tatizo. Maandishi hayo ni madogo na hukaa kwenye tumbo la adapta. Chukua simu, yapige picha, yakuze, uyasome kabla ya kuchomeka.

Upande wa pili wa adapta nao una masharti. PSR-E373 hutumia volti 12. CT-X700 hutumia volti 9.5. Ncha ya waya inaweza kuingia vizuri katika chombo kisicho chake, na hapo ndipo penye hatari. Tazama pia kamchoro kadogo kanachoonyesha kama katikati ya ncha ni chanya au hasi, kwa kuwa makampuni hayakukubaliana juu ya hilo miaka yote. Adapta ya mitaani inayodaiwa kuingia kwenye kibodi zote tunashauri isikaribie kibodi yako. Kwa wanaopiga kwa jenereta, stabilaiza si anasa.

Iliyokwisha kutumika

Kibodi ya mkono wa pili inaweza kuwa chaguo bora kuliko mpya ya bei ile ile, kwa sharti la ukaguzi. Piga kila kibao, vyote sitini na kimoja, kwanza kwa upole kisha kwa nguvu. Chini ya kila kibao kuna kipande cha mpira chenye kaboni, na kikichakaa kibao hubaki kimya au hupiga ukelele kwa nguvu zote hata ukikigusa taratibu. Kimoja au viwili hutengenezeka. Kumi ni dalili ya chombo kilichochoka. Zungusha kila kinobu usikilize mkwaruzo. Gusa pembe zote nne za skrini ya mguso. Fungua kifuniko cha betri: unga mweupe au wa kijani humo ni betri iliyovuja. Kwa vyombo vilivyokaa pwani, tazama kutu kwenye skrubu na ndani ya matundu, kwa kuwa hewa ya chumvi iliyokwisha kula skrubu imekwisha kufika ndani pia. Na kama chombo ni cha zamani kiasi kwamba kinahifadhi nyimbo kwenye disketi, jiulize disketi utazipata wapi.

Unavyozungumza na muuzaji

Wanunuzi wengi huingia dukani wakitaja jina la kibodi waliyoisikia kwa rafiki. Kisheria, hilo laweza kuwagharimu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wake, pale ambapo muuzaji huyo anafanya biashara ya bidhaa za aina hiyo: bidhaa inapaswa iifae kazi hiyo. Lakini anayeagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara hawezi kuutegemea ulinzi huo, amepewa alichokitaja. Aidha, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua.

Turudi kwa katibu na mweka hazina wetu. Wangesema, "Tunataka kibodi ya kanisa la watu mia tatu, itakayounganishwa na miksa yetu, na ya kusindikiza nyimbo za ibada," na wakaomba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti au kwenye ankara, Jumatatu wangekuwa na hoja ya kumpelekea muuzaji. Waliosema tu, "Tupe ile," hawana. Tunashauri maneno hayo yaandikwe hata kama muuzaji ni ndugu yenu, na pengine zaidi akiwa ndugu yenu, ili undugu usije ukaingia katika ugomvi.

Maandishi ya ukutani yasemayo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayampi mtu ruhusa ya kutoa maelezo ya uongo juu ya anachokiuza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo, pamoja na yale ya bidhaa bandia, hupokelewa na Tume ya Ushindani. Jina la kampuni lililobadilishwa herufi moja, boksi lisilo na namba ya mfululizo, kitabu cha maelezo kilichotolewa nakala: ukiyaona hayo, ondoka na fedha zako.

Uliza dhamana inatolewa na nani, duka au wakala wa kampuni, na fundi wake yuko mji gani. Dhamana ya mwaka mmoja ambayo fundi wake yuko nchi nyingine ina thamani ndogo kwa mtu wa Songea. Dai risiti ya EFD. Siku saba za kwanza zitumieni kibodi kwa bidii kuliko kawaida, mkiiacha imewaka saa mbili tatu mfululizo, kwa sababu hitilafu nyingi za kiwandani hujitokeza mapema chombo kikipata joto. Boksi na sponji zake msivitupe kabla ya dhamana kwisha. Na kabla ya kutoka dukani, igeuzeni kibodi: namba ya mfululizo iliyo chini yake ilingane na ya kwenye boksi, na iandikwe kwenye risiti mbele yenu, kwa mkono wa muuzaji.